Karatasi ya Ruhusa: Mtoto Aandikapo kwenye Blogu ya Darasa



Alikuja baada ya alasiri, akaketi ukingoni mwa baraza yetu kama mtu asiyenuia kukaa, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni mama wa watoto watatu, naye tulimsomesha sisi wenyewe alipokuwa mdogo, kwa hivyo hakuzunguka sana. "Maalim," alisema, "hii imetoka shuleni. Wataka nitie sahihi. Baba yao yuko Doha, nimemsomea kwa simu, asema nisitie. Na mtoto analia, siku ya pili leo. Nifanyeje?"

Tuliifungua. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, ikieleza kwamba wanafunzi wa gredi ya tano wataanzisha blogu ya darasa katika muhula huu, na kwamba mzazi anairuhusu shule kutumia jina, kazi na picha za mtoto wake mtandaoni. Chini palikuwa na mstari wa sahihi na tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Nani atakayeisoma blogu hiyo, nani atakayeilinda, picha zitakaa humo kwa muda gani, na mtoto ambaye mzazi wake hakutia sahihi atafanya nini wenzake wakiandika, hayo yote hayakuwamo.

Hatutaficha kwamba jawabu la kwanza lililotujia ulimini lilikuwa lile lile la baba aliyeko Doha. Tulikuwa na sababu yetu, na tutaisema mbele. Lakini tulilimeza, kwa kuwa si uadilifu kuhukumu jambo usilolijua, na mtoto anayelia siku mbili kwa kuogopa kuachwa nyuma na wenzake naye ana haki ya kusikilizwa. Tulimwambia mama yule, "Mwanangu, usitie wala usirudishe. Tupe hadi Ijumaa." Kisha tukaenda shuleni.

Kabla hatujafika huko, tuseme kidogo juu ya neno lenyewe. Wengi wetu tunalisikia neno blogu likitajwa pamoja na udaku wa wanamuziki na ugomvi wa wanasiasa, tukadhani ndiyo kazi yake. Kwa asili blogu ni daftari lililowekwa mtandaoni. Mwandishi huweka makala, iliyo mpya hukaa juu na za nyuma hushuka chini kwa mpangilio wa tarehe, na mwisho wa kila makala huachwa nafasi ya msomaji kuandika maoni yake. Blogu ya darasa ni daftari hilo hilo likiwa mkononi mwa mwalimu. Mtoto anaandika, mwalimu anasoma, na akisharidhika ndipo anapoifungua makala kwa wasomaji. Ziko huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya shule peke yake, kama Edublogs iliyoanzishwa Australia mwaka 2005, ambazo humwezesha mwalimu kuzuia makala na maoni mpaka ayapitishe, na kuifunga blogu nzima kwa nywila ili asiingie ila aliyepewa.

Mwalimu tuliyemkuta ni kijana, hajatimiza hata miaka thelathini, ametoka bara na huu ni mwaka wake wa tatu Pwani. Alitupokea kwa heshima, na hakuchukizwa na maswali yetu. Alitueleza kilichomsukuma. Watoto wake, alisema, huandika insha fupi, kavu, zinazofanana kama matofali, kwa sababu wanajua hakuna atakayezisoma ila yeye, naye azisoma ili atie alama. "Lakini Sheikh," akaendelea, "nikiwaambia wamwandikie bibi zao barua, wanaandika vizuri ajabu. Wanajua bibi ataisoma."

Maneno hayo yalitugusa. Nasi tumeyaona madrasani. Kijana akifanyishwa mazoezi ya qasida peke yake hunung'unika kwa pua. Mwambie atasoma usiku wa Maulidi mbele ya wazee na mama zake, utaisikia sauti ambayo hukujua kama anayo. Na hili si jambo la mwalimu mmoja mwenye kupenda mambo mapya. Mtaala wetu wa sasa umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi, na tangu mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi. Basi mtoto atafika mtandaoni. Ama atafikishwa na mwalimu aliye wazi mbele ya mzazi, ama atajifikia mwenyewe na simu ya binamu yake, chini ya shuka, saa nne za usiku.

Wala sisi watu wa Pwani si wageni wa kupeleka maneno mbali. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa gazeti la Sahifa hapa Mombasa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah. Na kabla yake, mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi ndani ya nyumba yake, maneno ya mama kwa mwanawe mmoja, na leo unasomwa hadi katika vyuo vikuu vya Ulaya. Haya ya Mwana Kupona tunayataja kwa sababu mbili. Moja ni fahari. Ya pili ni kwamba maandishi yakishatoka mkononi hayamwulizi mwandishi wapi yaende.

Mwalimu yule alitupa kisa cha kusoma, nasi tukarudi nyumbani tukakisoma chote, tukakirudia. Ni kisa cha kweli, kilichotokea Uskochi mwaka 2012, na tunaona kina faida kwa mzazi kuliko hotuba nyingi tulizosikia kuhusu mtandao. Basi tukieleze kwa kirefu.

Katika mji mdogo wa Lochgilphead, jimbo la Argyll, alikuwako msichana wa miaka tisa aitwaye Martha Payne. Alipenda kuandika na alitamani kuwa mwandishi wa habari. Baba yake akamsaidia kufungua blogu, mwishoni mwa Aprili mwaka huo, na mtoto akachagua mada iliyo karibu naye kabisa, nayo ni chakula cha mchana shuleni kwao. Akaiita NeverSeconds. Hakuweka jina lake; alitumia lakabu ya herufi tatu, Veg. Kila siku alipiga picha sinia la chakula chake, akakipa alama katika kumi, akahesabu matonge aliyokula, akataja bei, akasema kama kina afya, na, kwa kuwa ni mtoto, akaweka pia hesabu ya nywele zilizopatikana ndani ya chakula. Siku ya kwanza sinia lilikuwa na kipande cha piza, mahindi kidogo na kitonge kimoja cha viazi, mfano wa katlesi zetu. Kimoja tu. Mtoto akaeleza, kwa adabu, kwamba yeye bado anakua na hawezi kusoma mchana kutwa kwa kitonge kimoja.

Baba alidhani wataisoma jamaa na marafiki. Ikasomwa na ulimwengu. Katika muda wa wiki chache ilifunguliwa zaidi ya mara milioni mbili. Watoto wa Japani, Marekani na kwingineko wakawa wanamtumia picha za vyakula vyao vya shule, naye akaziweka. Wapishi mashuhuri wa Uingereza, akiwamo Jamie Oliver, wakamsifu. Magazeti yakaja. Na magazeti yalipokuja, lile pazia la herufi tatu halikuzuia kitu. Jina lake, umri wake na mji wake vikajulikana kote. Hapo tuliweka karatasi chini tukafikiri. Lakabu ni sitara, ndiyo, lakini ni sitara ya kanga nyepesi. Humsitiri mtoto maadamu hakuna mwenye kukazia macho.

Mtoto hakuridhika na sifa. Akaanza kuchangisha fedha kwa ajili ya shirika la Mary's Meals, lililoanzia huko huko Argyll, ambalo hulisha watoto shuleni katika nchi maskini. Alilenga kufikisha pauni 7,000, za kujenga jiko la shule moja nchini Malawi.

Kisha likatokea lililotokea. Tarehe 14 Juni 2012 gazeti moja lilichapisha habari yake likaipa kichwa cha kutaka wapishi wa shule wafutwe kazi. Mtoto hakusema hivyo. Hakuwahi kumtaja mpishi yeyote kwa ubaya, wala hakupiga picha ya mtu. Alipiga picha ya sinia. Lakini wanawake waliopika chakula kile waliamka asubuhi wakakuta riziki yao imeandikwa gazetini. Siku hiyo Martha alitolewa katika somo la hesabu, akapelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, akaambiwa kwamba baraza la jimbo limeamuru asipige tena picha za chakula. Akarudi nyumbani akaandika makala ya kuaga.

Amri ile haikudumu. Watu walighadhibika kwa maelfu, na siku ya pili yake kiongozi wa baraza mwenyewe aliibatilisha. Na fedha, ambazo zilikuwa zikiingia kwa matone, zikaingia kama mvua ya masika: ndani ya siku chache zilipita pauni 100,000. Jiko likajengwa karibu na mji wa Blantyre, na mwaka huo huo Martha alisafiri na jamaa zake hadi Malawi akaliona.

Tulimsimulia mama yule kisa hiki siku ya Ijumaa, na tulidhani atafurahia mwisho wake. Yeye akakamata pengine kabisa. "Maalim," alisema, "hao wapishi nao wana watoto." Kisha akaongeza, "Na huyo mtoto alipotolewa darasani peke yake, mamake alikuwa wapi?"

Hayo ndiyo maswali mawili ya blogu ya mtoto, na hatukuyapata katika karatasi ya shule. La kwanza ni juu ya wale wanaoandikwa. Mtoto akiandika habari za nyumbani kwao, anaandika pia habari za mama yake, za jirani, za bibi mgonjwa, za mjomba aliyeachishwa kazi, na hao hawakuulizwa. Dini yetu imetufunza kubisha hodi na kungoja ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na hatuoni kwa nini hodi hiyo iwe ya mlango wa mbao peke yake. La pili ni juu ya mtoto mwenyewe pale mambo yanapoharibika. Martha alikuwa na baba aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza, akijua kila kilichoandikwa. Mtoto ambaye mzazi wake alitia sahihi bila kusoma, siku ya tufani atasimama ofisini na nani?

Sasa ile sababu yetu.

Miaka michache iliyopita, siku ya kutoa zawadi madrasani, tulipiga picha nyingi kwa simu. Mojawapo ilikuwa ya msichana mdogo akipokea msahafu, uso umejaa furaha. Tuliipenda, tukaituma katika kundi la WhatsApp la wazazi, na jina lake na la madrasa tukaliandika chini yake, kwa nia njema kabisa. Siku ya tatu alikuja mama yake. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja amejifunika, akazungumza kwa sauti ndogo. Walikuwa wamehama mji mwingine kwa sababu ya mtu wa ukoo waliyemhofia, na kwa miezi minane hakuna wa upande ule aliyejua wako wapi. Picha ilitoka kundi letu ikaingia kundi jingine, na jingine, mpaka ikafika kwa yule aliyekuwa akiwatafuta. Sisi ndio tulioandika jina. Sisi ndio tulioandika mahali. Walihama tena, na yule mtoto hatukumsomesha tena. Tuliifuta picha, bila shaka. Tuliifuta katika simu moja kati ya simu tusizojua idadi yake.

Hatuelezi haya ili tuhurumiwe. Tunayaeleza kwa sababu kosa hilo halikufanywa na kijana mpuuzi, lilifanywa na mtu mzima mwenye kilemba, aliyekuwa akifikiri kwamba kundi la wazazi ni kama ukumbi wa nyumba yake. Na kundi la WhatsApp ni dogo kuliko blogu.

Basi tulirudi kwa mwalimu tukiwa na mama yule, na kina mama wengine watatu waliosikia wakataka kuja. Tulizungumza karibu saa mbili. Tulijadili kwanza sheria, kwa kuwa wazazi wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtoto hazitumiki ila kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Na mtoto katika sheria yetu ni aliye chini ya miaka 18. Ile miaka 13 tunayoiona katika mitandao mingi imetoka katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, haikutoka kwetu. Mwezi wa Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ya idhini ya wazazi wao. Tulipoitaja hesabu hiyo, mwalimu wetu alinyamaza kidogo, kisha akaomba ile karatasi irudishwe aiandike upya. Tulimpenda kwa hilo. Wako ambao wangeitetea.

Jambo lililotuchukua muda zaidi ni picha. Mmoja wa kina mama aliona tunatia chumvi. Mbona picha za sherehe za shule zimejaa kila mahali, na uso wa mtoto wa miaka kumi na mmoja una siri gani? Mwalimu ndiye aliyemjibu, tena vizuri. Picha, alieleza, husema zaidi ya uso. Nembo ya sare hutaja shule. Ubao ulio nyuma hutaja darasa. Na picha iliyopigwa kwa simu, ikiwa kitambua mahali kimewashwa, huweza kubeba ndani yake alama za mahali hasa ilipopigwa, zisizoonekana kwa macho lakini zinazosomeka kwa anayejua. Ukiongeza jina na saa za kutoka shule, umekwisha kumchorea mgeni ramani. Tukakubaliana hakuna sura ya mtoto. Kitapigwa picha alichokifanya mtoto: mchoro wake, ukili aliousuka, mche alioupanda, sinia lake akipenda, kama alivyofanya yule wa Uskochi.

Lakabu haikuleta ubishi. Pwani hii ya malenga haishangazwi na lakabu. Ahmad Nassir alijulikana kote kwa jina la Malenga wa Mvita, na hakuna aliyemwuliza kitambulisho. Kila mtoto atachagua yake, na orodha ya lakabu na majina ya kweli itakaa kwa mwalimu, katika daftari, nje ya kompyuta.

Palikuwa na mvutano wa kweli juu ya nani aisome blogu. Mwalimu alitaka iwe wazi kwa walimwengu, na hoja yake haikuwa dhaifu, kwa maana kama Martha angeandikia jamaa zake peke yao, lile jiko la Malawi lisingejengwa. Sisi tulisema ifungwe kwa nywila, wapewe wazazi, walezi na walimu, angalau kwa muhula wa kwanza. Mtu hufunzwa kuogelea penye maji ya magotini, ng'ambo ya miamba, kabla ya kupelekwa mkondo. Mwalimu alikubali, ingawa tuliona hakupenda sana, na huenda siku moja itabainika kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki. Ila hatuoni mtoto wa gredi ya tano atapungukiwa na nini akisomwa kwanza na watu sitini wanaomtakia heri.

Tulipouliza maoni yatasimamiwaje, alituongoza hadi darasani kwake atuonyeshe. Hakuwa amengoja kompyuta. Ukutani alibandika karatasi za manila, kila mtoto ameandika insha yake kwa kalamu, na chini yake wenzake wamebandika vijikaratasi vya maoni. Blogu ya karatasi, aliiita, na tumekuja kujua kwamba walimu wa nchi nyingi huanza hivyo. Tulizisoma zote. Mtoto mmoja alimwandikia mwenziwe kwamba hati yake ni kama kuku amepita kwenye wino. Mwalimu hakukibandua kijikaratasi kile. Alikuwa amewauliza darasa zima kama maoni hayo yanamsaidia mwandishi, na yule aliyeandika mwenyewe akaenda kukibandua, akaandika kingine akiuliza kwa nini ng'ombe wa kwenye hadithi alikimbia. Tulitamani watu wazima wa makundi yetu ya simu wangekuwapo. Sura ya al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, nasi tunaisoma, kisha tunaichukua simu.

Tuliongeza mambo machache kabla ya kuondoka. Anayetaka mwanawe aandike lakini asiwekwe mtandaoni, insha yake itabandikwa ukutani na itasomwa na kutolewa maoni kama nyingine, asionekane ametengwa. Makala ambayo mzazi ataomba itolewe, itatolewa siku hiyo hiyo bila ya kuulizwa sababu. Mwisho wa mwaka blogu itafungwa, kila mtoto apewe nakala ya kazi zake zilizochapwa kwenye karatasi. Na mtoto ataambiwa waziwazi, si kwa kumtisha, kwamba akiona neno au picha ya kumkera, au mtu mgeni akimwandikia kwa siri, amwonyeshe mzazi au mwalimu kabla ya kujibu au kufuta chochote, na kwamba hatakaripiwa wala hatanyang'anywa simu kwa kusema. Hilo la mwisho, wazazi wenzetu, ni letu sisi kuliko la shule. Watoto wengi huficha madhara yaliyowapata mtandaoni kwa kuchelea kunyang'anywa kifaa, na anayewadhuru analijua hilo vizuri. Iko pia nambari ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, haitozwi malipo, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Kina baba tuna neno nao. Katika mkutano ule tulikuwa mwanamume mmoja, ukimtoa mwalimu. Aliye ughaibuni ana udhuru. Aliyeko mtaa wa tatu anacheza bao hana.

Karatasi mpya ilikuja baada ya wiki moja, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Ilikuwa na visanduku vya kutia alama kimoja kimoja: kazi ya mtoto, lakabu, picha ya kazi yake, sauti yake. Mama yule alimsomea mumewe kwa simu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mume aliuliza swali moja, kama naye atapewa nywila huko Doha aliko. Akaambiwa atapewa. Sauti alikataa, mengine akakubali, na mama akatia sahihi mbele yetu, barazani, kwa kalamu yetu ambayo hakuirudisha.

Mtoto alichagua kuitwa Dafu. Makala yake ya kwanza ilikuwa juu ya bibi yake anavyopika mahamri alfajiri, tangu kuukanda unga usiku hadi yanapofura kwenye mafuta, na tulipoisoma tulisikia njaa. Bibi aliombwa ruhusa kwanza, akaitoa kwa sharti asitajwe umri. Yalikuwamo maoni manne yaliyopitishwa na mwalimu. La tatu limetoka Doha. Baba ameandika kwamba ameisoma akiwa kazini, wakati wa mapumziko, na anauliza mbona mwandishi hakuitaja iliki.

Dafu amemjibu kwamba iliki iko, ila bibi amesema hiyo ni siri ya nyumba.